Kabla Hujaupanda Mlima wa Tambach

Mdogo wangu, barua yako nimeisoma yote. Unasema kikundi chenu cha Eldoret kimepanga kushuka Bonde la Kerio mwezi ujao, kisha kupanda tena hadi Iten kwa barabara ya Tambach, na kwamba kati yao wote mgeni wa milima ni wewe. Unaniuliza ufanye mazoezi gani ili usiwe wa mwisho. Hilo la kuogopa kuwa wa mwisho ndilo litakalokuumiza kuliko mlima wenyewe, kwa hiyo nitalirudia, hata ukichoka kulisikia.

Kwanza ujue unachokwenda kukutana nacho. Sakafu ya Bonde la Kerio iko kama mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na Iten iko mita 2,400. Kutoka Biretwo, kule chini, hadi Iten ni kilomita 20 na ushei, na katika hizo unapanda zaidi ya mita 1,000. Kwa wastani, kila mita 100 za lami zinakuinua kama mita 5. Viko vilima vikali kuliko hivyo, na wewe unavijua, lakini vile vinakwisha kabla hujachoka. Huu hauishi upesi. Ukienda kilomita 9 kwa saa, ambayo kwa mgeni ni mwendo wa heshima kabisa, utakuwa kwenye kiti kwa zaidi ya saa mbili ukikanyaga, na sehemu za kupumzisha miguu ni chache.

Sasa sikiliza jambo la pumzi. Kule chini mpando unapoanza, kwenye mita kama 1,200, mgandamizo wa hewa ni karibu asilimia 87 ya ule wa Mombasa. Iten umeshuka hadi asilimia 75 hivi. Maana yake ni kwamba kadiri unavyopanda, kila pumzi unayovuta inakupa oksijeni pungufu, wakati miguu inazidi kuchoka. Wewe umezoea Eldoret, kwa hiyo hutaumia kama mtu aliyetoka pwani, lakini hakuna anayesamehewa kabisa. Mlima huu unakudanganya mwanzoni: hewa iko nyingi, miguu ni mipya, wenzako wanacheka, na mwili unakuambia unaweza kwenda kasi. Ukiutii, kasi hiyo utailipia juu ya Tambach, mahali ambapo hewa ya kukusaidia kulipa imepungua.

Kwa hiyo dakika 20 za kwanza nenda polepole hadi uone aibu. Nasema hivyo nikimaanisha. Kipimo chako kiwe mdomo: sema sentensi nzima kwa sauti, ile ndefu ya kumwomba mama ruhusa. Ukiimaliza bila kukatwa na pumzi, mwendo ni mzuri. Ukilazimika kuhema katikati, punguza. Huhitaji saa ya mapigo ya moyo wala kifaa cha kupima nguvu. Kikundi kitakuacha, kiache kiende. Nyuma ya mtu kwenye tambarare unafichwa upepo na unaokoa nguvu nyingi. Kwenye mlima kama huu, kwa kilomita 9 kwa saa, upepo hauna kazi kubwa, kazi karibu yote ni kuinua uzito wako. Kumfuata mwenzako kwa nguvu hakukupunguzii chochote. Unabeba mzigo wako kwa mwendo wake, basi.

Na watakaopiga kelele kando ya barabara? Watakuwapo. Makanga atatoa kichwa dirishani aseme neno, vijana kwenye pikipiki watakuuliza kwa nini usipande gari. Wengine watakushangilia kwa moyo wote, maana Iten ni mji wa wakimbiaji na watu wa huko wanaijua thamani ya jasho. Wote wapungie mkono na uendelee na sentensi yako.

Tuje kwenye gia, maana hapa ndipo wasichana wengi wananiandikia wakidhani miguu yao ni dhaifu kumbe baiskeli haijawatendea haki. Baiskeli nyingi za barabarani za mitumba zinazouzwa kwetu zilitengenezwa kwa mashindano. Mara nyingi sproketi ndogo ya mbele ina meno 39, na kubwa ya nyuma ina meno 25. Kwa gia hiyo, kila ukizungusha pedeli mara moja unasogea mita 3.3 hivi. Kilomita 9 kwa saa ni mita 150 kwa dakika. Gawanya: miguu yako inazunguka kama mara 45 tu kwa dakika, na kila mzunguko ni kusukuma ukuta. Magoti yanalia, mgongo unauma, na baada ya nusu saa unaamini kwamba wewe si mtu wa milima.

Weka mbele meno 34 na nyuma meno 34. Kila mzunguko sasa unakusogeza mita 2.1, na kwa mwendo ule ule wa kilomita 9 kwa saa miguu inazunguka mara 71. Kazi ni ile ile kwa jumla, lakini imekatwakatwa vipande vidogo ambavyo paja linaweza kuvimudu kwa saa mbili. Fundi mzuri wa Eldoret atakuambia kama mkono wa gia wa nyuma, ule unaovuta mnyororo, unaweza kubeba sproketi kubwa kiasi hicho. Mingine haiwezi kupita meno 28, na hapo itabidi ubadilishe mkono wenyewe na pengine uongeze urefu wa mnyororo. Uliza bei kabla hajafungua hata nati moja.

Ukiona mtu anakucheka kwa sproketi kubwa kama sahani, mkumbushe Chris Froome. Kijana huyo alizaliwa Nairobi mwaka 1985, akalelewa katika baiskeli na mwendesha baiskeli David Kinjah kule Kikuyu, akashinda Tour de France miaka ya 2013, 2015, 2016 na 2017. Mwaka 2013, kwenye mlima wa Mont Ventoux kule Ufaransa, aliwaacha wapinzani wake akiwa amekaa kitini, miguu ikizunguka kwa kasi kwenye gia nyepesi, na akashinda siku hiyo. Alikaa. Hakusimama juu ya pedeli akiitikisa baiskeli kama kwenye picha. Kusimama kunasaidia kunyoosha mgongo na kupita sehemu kali fupi, kwa hiyo simama mara moja moja, halafu rudi kitini.

Kuna jambo la pesa pia, na nakuomba unisikilize kama ungemsikiliza dada wa tumbo moja. Umesema unafikiria kuchukua mkopo ununue baiskeli nyepesi ya kaboni. Usichukue. Tuseme wewe na baiskeli na chupa za maji mna kilo 75. Ukipunguza kilo 1 nzima, umepunguza sehemu moja ya 75, na katika mpando wa saa mbili hiyo ni dakika moja na nusu hivi. Mkopo wa miezi mingi kwa dakika moja na nusu! Sproketi ya nyuma, mnyororo mpya na vibao vipya vya breki vitakubadilishia siku nzima, kwa sehemu ndogo ya gharama hiyo.

Breki nimezitaja kwa sababu. Kikundi chenu kinaanzia juu, kwa hiyo mlima huu kwenu unaanza na mteremko, na watu wengi wa baiskeli wanaumia kwenye kushuka. Usiibane breki moja mfululizo toka Iten hadi chini. Ringi inapata moto, na tyubu inaweza kupasuka. Bana kwa nguvu kabla ya kona, achia, acha ipoe, bana tena. Tumia zote mbili, ukijua kwamba ya mbele ndiyo inayosimamisha kweli, ila kwenye mchanga au maji iguse kwa upole. Mikono iwe chini kwenye pembe za usukani, vidole vikiwa tayari. Barabara hiyo ina malori yanayopanda kwa kunguruma, mbuzi wanaovuka bila kutoa ishara, na mawe madogo yanayoporomoka kutoka kwenye ukuta wa mlima. Baada ya mvua kubwa usiende kabisa, ukuta huo wa mlima huporomosha udongo na miamba. Na kabla hamjaondoka, mmoja wenu apige simu kwa mtu wa Biretwo aulize hali ya bonde siku hiyo, maana sehemu za Kerio zimewahi kuwa na misukosuko ya wizi wa mifugo. Wenyeji ndio wanaojua siku ipi ni shwari.

Shukeni alfajiri ile ile kunapopambazuka, mkiwa na jaketi. Saa tano asubuhi bonde linakuwa na joto la kuchosha, nanyi mnataka kuwa mmeshaipita nusu ya mpando. Kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kwa nyuzi 6 hadi 7, kwa hiyo jaketi lile lile utalitaka tena Iten, ukiwa umelowa jasho na upepo unapiga. Usilitupie mtu wa gari lililotangulia.

Kwenye kona, weka akilini kwamba sisi tunapita kushoto. Kona ikikata kushoto, wewe uko upande wa ndani, na ndani ndiko kukali zaidi. Badilisha gia kabla hujaingia, maana mnyororo ulioelemewa na mguu mzito hukataa kuhama au hukatika. Kona ikikata kulia, uko nje, mwinuko unalegea kidogo; hapo kunywa maji, nyosha vidole, tema mate ukitaka. Usihamie katikati ya barabara kutafuta ulaini. Dereva anayeshuka hakuoni.

Chakula sitakirefusha. Usiku uliotangulia kula ugali au wali wako wa kawaida ushibe. Asubuhi, kama saa mbili kabla ya kuanza kupanda, uji mzito na chapati. Maziwa mengi na vyakula vya mafuta viache mpaka mmalize. Njiani ndizi mbivu 2 kwa saa zinatosha kukupa karibu gramu 50 za wanga, na maji nusu lita hadi robo tatu ya lita kwa saa, yenye chumvi kidogo na sukari. Kula kabla hujasikia njaa. Biretwo jaza chupa zote.

Sasa yale ambayo kaka zako kwenye kikundi hawatakuambia. Suruali ya baiskeli yenye sponji haivaliwi na chupi ndani. Mshono wa chupi ndio unaochubua. Paka mafuta mazito mahali panaposuguana, na kiti kikikuuma kila siku, kishushe pua kidogo au tafuta kiti kipana cha kike. Mifupa yetu ya nyonga imekaa kwa upana wake. Ukiwa kwenye siku zako unaweza kupanda, wengi wanapanda, lakini usijidai. Punguza mwendo na ubebe unachohitaji. Na kama umekuwa ukichoka kwa miezi, ukipanda ngazi moyo unadunda, uso umepauka, nenda kituo cha afya upimwe damu. Upungufu wa madini ya chuma ni jambo la kawaida kwa wanawake, na hakuna mazoezi yanayouponya.

Mazoezi uliyouliza ni haya tu. Kwa wiki zilizobaki tafuta kilima cha dakika 10 karibu nawe, ukipande mara tatu kwa siku moja ya wiki kwa mwendo ule wa sentensi nzima, ukiwa kitini. Siku nyingine ya wiki endesha saa tatu bila haraka. Siku mbili kabla ya safari pumzika kweli.

Na ikitokea umeshindwa njiani, shuka. Tembea mita 200, kunywa, panda tena. Mashindano ya Dunia ya baiskeli za barabarani yalipofanyika Kigali Septemba 2025, ya kwanza katika bara letu, mbio za wanaume zilikuwa kilomita 267.5, zenye kupanda zaidi ya mita 5,000. Walianza zaidi ya 150, wakamaliza 30. Wengi wa wale wengine ni watu wanaolipwa kuendesha baiskeli, na hawakumaliza. Lakini kuna dalili ambazo ukizipata unashuka bila kusita na safari inaishia hapo: kizunguzungu, baridi ya ghafla katikati ya joto, au kuacha kutoka jasho. Ukiiona mojawapo, usitembee wala usipande tena. Kaa kivulini, mwambie mtu, na gari likuchukue.

Wiki hii nakuomba ufanye kimoja. Pindua baiskeli, hesabu meno ya sproketi ndogo ya mbele na ya ile kubwa ya nyuma, kisha niandikie namba hizo mbili. Usinunue chochote mpaka nikujibu.