Dondoo muhimu: Pakua mizigo ya kivinjari
Wapagazi wa Kinyamwezi waliotoka Tabora kwenda Bagamoyo walijua uzito wa kila furushi. Kivinjari chako nacho kimebebeshwa: tangazo la video linajicheza lenyewe na kula bando kabla hujamaliza kichwa cha habari.

Kwenye simu ya Android tumia Firefox, maana Chrome ya simu haipokei viendelezi, zile programu ndogo za kuongezea. Fungua menyu, nenda kwenye viendelezi, chagua uBlock Origin, kizuizi cha matangazo. Kwa wengi wetu hiyo moja inatosha.

Ukitaka kuongeza kiendelezi kingine, soma kwanza ruhusa kinazoomba. Kikokotoo kinachotaka kusoma kila tovuti unayofungua? Kikatae.

Ukurasa wa tiketi ya treni ukigoma, zima kizuizi hapo tu.