Chulebuni Katika Vihamba vya Kilimanjaro

Chulebuni ni ugonjwa wa mibuni ya arabika unaoletwa na kuvu. Uligunduliwa kwanza nchini Kenya mwaka 1922, na mwaka 1964 ukaonekana Tanzania. Kwa mkulima mdogo wa Kilimanjaro, ambaye kihamba chake cha migomba na mibuni mara nyingi hakifiki hekta moja, ugonjwa huu humpokonya mazao ambayo amekwisha kuyaona mtini.

Kuvu hiyo hujificha katika magome ya matawi na katika matunda yaliyokaukia mtini. Mvua inyeshapo, matone huzirusha mbegu zake, zisizoonekana kwa macho, kutoka tunda hadi tunda. Linaloshambuliwa hasa ni tunda changa, takriban kati ya wiki ya 4 na ya 14 baada ya kuchanua. Hutokea doa la hudhurungi lililobonyea. Doa hutanuka, na hatimaye tunda zima huwa jeusi, likaanguka au likaning'inia limekauka. Baridi na unyevu wa miteremko huipendeza kuvu hiyo, na masika huikuta mibuni ikiwa imejaa matunda ya umri huo huo.

Dawa za shaba husaidia, lakini hukinga tu, haziponyi. Kuvu ikishaingia ndani ya tunda, kunyunyiza ni kupoteza dawa. Aidha mvua huisafisha dawa majanini, hivyo kazi hurudiwa mara kadhaa kwa msimu. Fedha za dawa na za bomba hutakiwa wakati wa masika, ilhali mavuno huanza karibu na Julai. Hapo ndipo wengi hushindwa, wala si kwa uvivu.

N39 na KP423, aina zilizochaguliwa katika kituo cha Lyamungo kilichoanzishwa mwaka 1934, zina ladha njema lakini ni dhaifu mbele ya chulebuni. Watafiti walitafuta ukinzani katika Rume Sudan, na katika chotara wa kisiwa cha Timor aliyezaliwa na arabika na robusta pasipo mkono wa mtu. Mbuni huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa, hivyo kila uzao ulidai subira. Aina kinzani zilianza kutolewa rasmi mwaka 2005.

Mbegu za chotara hazizai mche unaofanana kabisa na mzazi. Kwa hiyo miche huoteshwa kwa vikonyo vinavyokatwa katika bustani mama, ambazo baadhi hutunzwa na vikundi vya wakulima wenyewe. Ugumu uliobaki ni kung'oa. Mbuni mkongwe, hata ukiugua, hutoa kidogo. Mche mpya hutaka miaka miwili au mitatu, na ada ya shule haingoji. Ndiyo maana wapo wanaobadili mistari michache kila mwaka, na wapo wanaobebesha kikonyo kinzani juu ya kisiki cha zamani, ambacho mizizi yake imekwisha kushika ardhi.