MWENYE KUSOMEA UTABIBU NAYE HUUGUA

Katika darsa iliyopita mzee wetu mmoja alituuliza: kijana anayesomea udaktari, mwenye akili na heshima, aingiwaje na fikra ya kujiua? Je, si upungufu wa imani? Tuliahidi kumjibu humu.

Kwanza tuijue hali ilivyo. Mwaka 2016 jarida la madaktari wa Marekani, JAMA, lilitoa uchunguzi uliokusanya habari za wanafunzi wa utabibu wa nchi 47. Katika kila wanafunzi 100, kiasi cha 27 walikuwa na dalili za sonona, yaani ile huzuni inayomlemea mtu hata akakosa usingizi, hamu na matumaini. Na kiasi cha 11 walikuwa wamepitiwa na fikra ya kujiua. Na katika hao wenye dalili, waliotafuta matibabu hawakufika 16 kwa 100. Hili la mwisho ndilo lililotushitua: wanaoshinda hospitali mchana na usiku ndio wasiokwenda kwa tabibu!

Huogopa. Huogopa kuambiwa hawaifai kazi, na huogopa walimu na wenzao. Na khofu nyengine, tuseme kweli, twaipanda sisi wenyewe. Kijana akipata nafasi ya chuo kikuu leo, kesho mtaa mzima wamwita "Daktari". Ada huchangwa na ami na wajomba. Huko aendako kila mmoja alikuwa wa kwanza skulini kwake, naye sasa ajiona wa nyuma. Ana miaka 6 ya kupasua maiti, ya mitihani, na ya kukesha wodini akiona watu wakifa. Akirudi likizo amekonda, hasemi na mtu, twamwambia: "Wewe ni daktari, utaumwa nini?" Basi amwambie nani?

Au, na hili ni ovu zaidi, hupelekwa kwa mganga akapungwe pepo na kuvishwa hirizi. Ilhali mwanachuoni wetu Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kizima juu ya siha ya miili na ya nafsi, akabainisha kuwa nafsi huugua kama uuguavyo mwili, na yote mawili yana tiba.

Ama kujiua ni haramu na ni dhambi kubwa, hapana shaka. Walakini fikra inayomjia mgonjwa bila ya hiari yake si dhambi, na kuitamka kwa kutaka msaada ni kutafuta dawa. Imepokewa katika Sahihi Muslim habari ya Tufail bin Amr ad-Dausi, aliyehamia Madina pamoja na mtu wa kabila lake. Mtu yule akaugua, akashindwa kuvumilia, akajidhuru mikono hata akafa. Tufail akamuota yu katika hali njema, ila mikono yake imefunikwa. Alipomsimulia Mtume, Mtume alimuombea msamaha hata kwa mikono ile. Na kwa jamhuri ya wanavyuoni, Mashafii wakiwamo, aliyejiua huoshwa na husaliwa. Basi wenye kuwafungia milango jamaa za maiti wamepata wapi hukumu yao?

Wengine walificha kwa kuogopa polisi. Mwezi wa Januari 2025 Mahkama Kuu ya Kenya ilihukumu kuwa kifungu cha 226, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, chapingana na Katiba.

Kijana wako akibadilika, muulize waziwazi kama amepitiwa na fikra ya kujiua. Swali halimtii fikra hiyo. Aghlabu humpa nafasi ya kusema. Akikubali, usimhutubie. Usimwache peke yake, mwondoshee vya kujidhuru, umpeleke hospitali siku hiyo hiyo kwa tabibu wa maradhi ya akili. Na mwambie tangu njiani kwamba mwaka wa masomo ukipotea, na upotee, na ada iliyochangwa si deni juu yake.