Kuwabakiza bakteria ndani ya mtambo wa bayogesi

Mwongozo huu ni wa wafugaji na mafundi wa Dongobesh wanaotumia mitambo ya kuba iliyofukiwa ardhini, kama ile ya muundo wa CAMARTEC ya Arusha.

Gesi hutengenezwa na bakteria na vijidudu vinavyofanana nao; humu wote tunawaita bakteria. Wale wa hatua ya mwisho, wanaotoa methani, huchukua siku kadhaa kuongezeka maradufu, na kila tope linapotoka nao hutoka. Katika baadhi ya viwanda huzuiwa kwa utando wa kuchuja wenye vitundu vidogo kuliko bakteria: maji hupita, wao hubaki tangini. Kwa samadi ya nyumbani, usigharimie utando huo. Nyuzi za majani huuziba upesi, na pampu yake inataka umeme muda wote. Hapa kwetu kinachowabakiza bakteria ni muda.

Baridi ya nyanda za Mbulu inadai muda mrefu zaidi. Bakteria hawa hustawi kwenye nyuzi 35 hivi. Chini ya 15 kazi yao hufifia mno. Panga uji, yaani samadi iliyochanganywa na maji, ukae tangini siku 60. Tangi linalobeba lita 6,000 za uji lipewe lita 100 kwa siku: ndoo mbili na nusu za samadi mbichi, za lita 20 kila moja, na maji kiasi hichohicho. Uji ukifika lita 200 kwa siku, umebakiwa na siku 30 tu, na kwa baridi hii bakteria huenda wakasombwa kabla hawajazaana vya kutosha. Kwa hiyo, gesi ikipungua, kagua kwanza kama maji ya kuoshea banda yanaingia kwenye shimo la kuchanganyia. Yaelekeze kwingine.

Koroga mpaka mabonge yaishe na uji uteleze vidoleni. Ondoa mabua, acha mchanga utuame, ndipo uzibue tundu la kupitisha uji tangini. Miezi ya baridi, lisha mtambo mchana, kwa maji yaliyokaa juani.

Moto ukififia na tope likanuka uchachu, asidi imezidi. Usiongeze samadi ukidhani mtambo una njaa. Acha kulisha siku kadhaa, omba ndoo chache za tope kwa jirani ambaye mtambo wake unawaka vizuri, kisha anza upya na nusu ya kipimo.

Sabuni na dawa ya kuogeshea mifugo zisiingie kabisa. Ng'ombe akichomwa sindano ya antibayotiki, samadi yake iwekwe kando angalau mpaka ziishe siku ambazo daktari wa mifugo amekataza maziwa yake yasinywewe.