Somo la Wiki: Mpingo na Kadi ya Kliniki



Jumamosi iliyopita mwanafunzi mmoja wa darasa la wakubwa alikuja na klarineti, kwa sababu baada ya masomo yetu alikuwa anakwenda mazoezini. Wenzake wakaishika, wakaiona nyeusi, nzito na baridi. Mmoja akasema ni chuma, mwingine plastiki. Ni kweli kwamba klarineti nyingi za wanaoanza kujifunza ni za plastiki, lakini hii ilikuwa ya mbao. Nikawaambia: huu ni mpingo, mti uleule ambao Wamakonde huchongea vinyago, kama kile kilichopo sebuleni kwenu. Mpingo wa kutengenezea ala za muziki hutoka zaidi Tanzania na Msumbiji.

Ndipo mdogo wetu mmoja akauliza: "Mwalimu, huu mti ulikuwa na miaka mingapi ulipokatwa?" Swali zuri. Niliahidi kulijibu hapa.

Pete za mti

Hapa Uingereza swali hilo ni rahisi kiasi. Mkienda bustanini mkakuta kisiki cha mwaloni, hesabuni pete zake. Chini ya gome la mti kuna utando mwembamba sana, na huo ndio unaotengeneza mbao mpya kila siku za ukuaji. Masika ya hapa yakifika, mti hukua haraka. Kiangazi kikielekea mwisho, hupunguza kasi, na wakati wa baridi hulala. Kulala na kuamka huko huacha pete moja kila mwaka. Pete mia moja, miaka mia moja.

Kwetu hakuna theluji ya kuulaza mti. Miti mingi ya nchi za joto haina pete zinazosomeka vizuri, na kiini cha mpingo ni cheusi mno, pete zake ni taabu kuziona. Sasa wataalamu wa misitu hufanyaje?

Kupima, kisha kupima tena

Wazazi mliolelea watoto nyumbani mnaikumbuka kadi ya kliniki. Mimi kama nesi nimeijaza mara nyingi. Ukimpima mtoto mara moja, uzito wake haukuambii mengi. Ukimpima kila mwezi na kuweka nukta kwenye kadi, ule mstari unakuambia kama anakua au amesimama.

Miti nayo hupimwa hivyo hivyo. Watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wa Taasisi ya Utafiti wa Misitu Tanzania, zote za Morogoro, huchagua eneo la msitu, huipa miti namba, huipima, kisha hurudi baada ya miaka na kuipima miti ileile. Kipimo huchukuliwa usawa wa kifua, yaani mita 1.3 kutoka ardhini. Lazima iwe pale pale kila mara, kama sisi tunavyompima mtoto mkono katikati ya bega na kiwiko. Ukipima juu leo na chini kesho, utadhani mti umenenepa kumbe umekosea wewe.

Jambo la kuwachekesha watoto: ukipigilia msumari kwenye mti usawa wa kifua chako leo, ukiwa babu utaukuta urefu uleule. Mti hurefuka kwenye ncha zake. Shina hunenepa tu.

Milimita tatu

Mpingo hukadiriwa kuchukua miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa. Nchini Tanzania, unene wa chini unaokubalika ni kipenyo cha sentimita 24. Tuchukue miaka 80. Sentimita 24 ni milimita 240. Gawanya kwa 80, unapata milimita 3 kwa mwaka. Huo ni karibu unene wa sarafu moja ya pauni. Mti mzima, mwaka mzima, sarafu moja!

Kwa hiyo jibu la mdogo wetu ni hili: huenda mti wa klarineti ile ulikuwa na umri wa bibi yako. Mpingo ulioota mwaka 1961, Tanganyika ilipopata uhuru, hata leo haujafikisha miaka 70.

Kula faida, kuacha mtaji

Hapa ndipo hesabu inapogeuka kuwa jambo zito. Ikiwa msitu unakua kwa sarafu moja, na watu wanakata kwa gunia, mwisho wake tunaujua. Wahenga walisema chovya chovya humaliza buyu la asali.

Sheria ya Misitu ya Tanzania ya mwaka 2002 iliviruhusu vijiji kuwa na misitu yao ya hifadhi, kuisimamia na kuuza mbao zake. Wilayani Kilwa, vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha FSC, kinachothibitisha kwamba msitu unavunwa kwa uangalifu. Kabla ya kukata, wanakijiji huhesabu na kupima miti yao, kisha hupanga idadi ya kukatwa isizidi ile ambayo msitu unaweza kuirudisha. Ni sawa na mfanyabiashara anayekula faida na kuacha mtaji. Moto nao hudhibitiwa. Mpingo mkubwa huvumilia, lakini miche huteketea, kwa hiyo nyasi huchomwa mapema, mwanzoni mwa kiangazi, zikiwa bado na unyevu, ili baadaye pasizuke moto mkali.

Anayeilinda miche hiyo leo hataiona ikivunwa. Anawalindia wajukuu. Lakini mapato ya miti iliyokomaa yakibaki kijijini, anayo sababu ya kuilinda.

Maneno ya leo

Gome: ganda la nje la mti.
Kiini: sehemu ya ndani ya shina, ya mpingo ni nyeusi.
Mzingo: urefu wa kuzunguka shina.
Kipenyo: upana wa shina kutoka upande mmoja hadi wa pili.
Mche: mti mchanga. Wingi: miche.

Kumbukeni ngeli: mti huu unakua, miti hii inakua. Mpingo mmoja mweusi, mipingo miwili myeusi.

Kazi ya nyumbani

1. Chagueni mti mmoja karibu na nyumbani. Pimeni mzingo wake usawa wa mita 1.3 kwa futi ya fundi cherehani. Gawanyeni kwa 3.14 mpate kipenyo. Andikeni tarehe na mtunze karatasi. Mwakani tutaupima tena mti uleule.
2. Mpigieni simu bibi au babu. Baada ya kumwamkia shikamoo, muulizeni ni mti gani ulikuwepo nyumbani kwao, nani aliupanda, na kama bado upo. Andikeni sentensi tano.

Jumamosi ijayo njooni na majibu. Wazazi, tafadhali msiwapimie watoto. Washikieni tu ncha ya futi.