Mturituri: Kuutambua Mmea wa Vichakani Ulio Jirani na Nyumba

Aghalabu mturituri, ambao wengine huuita mtipitipi, haupandwi na mtu; huota wenyewe kandokando ya vichaka na misitu ya pwani, ukasogea hata uani, ukajizongazonga juu ya wigo wa michongoma pasipo mwenye nyumba kutanabahi. Wakati wa majani mabichi si rahisi kuutenga na mimea mingine itambaayo, kwani vijani vyake, vilivyopangwa jozi kwa jozi mithili ya vya mkwaju, na maua yake madogo ya zambarau iliyofifia, havimshughulishi mpita njia. Maganda yakishakomaa ndipo unapojidhihirisha: hayo, yenye urefu wa sentimita 2 hadi 4 hivi, hukauka, yakapasuka na kujipindua, na punje nyekundu zing'aazo zikabaki zimeng'ang'ania pale pale, kila moja na doa jeusi upande ulioshikamana na ganda. Mbegu za mbambangoma nazo ni nyekundu zenye doa, lakini huo ni mti wenye miiba, ilhali mturituri ni mtambazi mwembamba usio na mwiba.

Uzuri wa punje hizo ndio asili ya hadhari yetu. Watu wa nchi nyingi wamezitunga shanga na tasbihi, na masonara wa Bara Hindi walizitumia kupimia dhahabu. Walakini ndani yake mna sumu kali iitwayo abrini. Punje nzima ikimezwa, aghalabu hupita tumboni bila madhara, kwa kuwa gamba lake ni gumu. Bali ikitafunwa, au ikiwa imekwisha kutobolewa kwa sindano ili itungwe, sumu hupata njia, na hata punje moja yaweza kumuua mtoto. Kwa sababu hiyo twauona mkufu wa turituri kuwa wa kuogopwa kuliko mmea wenyewe ulioko wigoni, wala haustahili kabisa shingo ya mtoto aotaye meno.

Wako watakaosema, na ni kweli, kwamba wazee walitafuna majani yake matamu kutuliza kikohozi. Lakini utamu wa jani si dalili ya usalama wa punje, nasi hatumshauri mtu kujitibu kwa mmea huu. Autakaye kuuondoa na aung'oe kabla maganda hayajapasuka.

Mtoto akitafuna punje, usimtapishe wala usingoje dalili, maana kutapika na kuhara, pengine kuhara damu, huweza kuchelewa saa nyingi, hata siku nzima au zaidi. Mpeleke hospitali papo hapo, pamoja na punje au kitawi alichokichuma, ili tabibu ajue ni sumu gani, kwani haina dawa mahsusi ya kuivunja, na tiba yote ni kuuhami mwili kwa maji na uangalizi.