Kutafuta Neno katika Hifadhidata ya Tarakilishi ya Mkononi: Somo kwa Mtafiti wa Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanaeleza jinsi programu za kutazama na kutafuta katika hifadhidata zilivyofanya kazi kwenye tarakilishi za mkononi za aina ya Palm. Yanachunguza tatizo moja lililomkabili mtumiaji wa Kiswahili: chombo kilichotafuta mwanzo wa neno, katika lugha ambayo mwanzo wa neno hubadilika kila mara. Inapendekezwa kwamba mtafiti aunde hifadhidata yake kwa kufuata mofolojia ya Kiswahili, na kwamba asichukulie jibu la "hakuna" kuwa ushahidi kwamba neno halimo.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa isimu au fasihi anayekwenda nyanjani hurudi na maneno: methali, misamiati ya uvuvi, majina ya mimea, sentensi zilizotamkwa sokoni. Akiyaandika daftarini, ugumu hauko katika kuyahifadhi bali katika kuyapata tena. Baada ya daftari la tatu, hakuna anayekumbuka neno fulani liliandikwa ukurasa gani.

Tarakilishi ya mkononi ililetwa kuwa jawabu la ugumu wa namna hii. Mwaka 1996, kampuni ya Palm, ambayo wakati huo ilimilikiwa na U.S. Robotics, ilitoa Pilot 1000 na Pilot 5000. Kifaa hicho kiliingia mfukoni na kiliandikiwa kwa kalamu ya plastiki juu ya kioo. Pilot 1000 ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 128 tu, lakini kufikia mwaka 1998 Palm III ilikuwa na megabaiti 2, kiasi cha kutosha kubeba maelfu ya rekodi fupi. Afrika Mashariki haikuachwa nyuma. Nchini Uganda, kuanzia mwaka 2003, wahudumu wa afya walitumia vifaa vya aina hii kukusanya na kupokea taarifa chini ya mradi wa Uganda Health Information Network. Nchini Kenya, mwaka 2005, Shule ya Msingi ya Mbita Point ilitumia tarakilishi za mkononi badala ya vitabu vya karatasi katika mradi wa majaribio wa Eduvision.

Enzi ya Palm imekwisha. Kampuni hiyo ilinunuliwa na Hewlett-Packard mwaka 2010, na mwaka 2011 Hewlett-Packard ikatangaza kusitisha utengenezaji wa vifaa hivyo. Hata hivyo, kanuni za kutafuta zilizotumika humo ndizo zinazokutana na mtafiti leo katika simu ya rununu. Kwa sababu chombo kile kilikuwa sahili, kinafaa kuwa kielelezo cha somo.

2.0 Muundo wa hifadhidata

Hifadhidata ni mkusanyiko wa taarifa zilizopangwa kwa utaratibu unaowezesha kila taarifa kufikiwa. Dhana tatu zinahitajika. Jedwali ni mkusanyiko mzima. Rekodi ni mstari mmoja wa jedwali, yaani taarifa zote kuhusu kitu kimoja. Uga ni kisanduku kimoja ndani ya rekodi. Rekodi ya mkusanyaji wa misamiati huweza kuwa na nyuga hizi: neno, wingi wake, ngeli, maana, sentensi ya mfano, mahali liliposikika na tarehe.

Katika mfumo wa Palm OS, karibu kila kitu kilihifadhiwa kwa umbo la hifadhidata, iwe ni anwani au kumbukumbu za kalenda. Faili za data zilitambulika kwa herufi pdb mwishoni mwa jina, na rekodi moja haikuweza kuzidi kilobaiti 64. Mtumiaji aliyetaka kuunda majedwali yake mwenyewe alitumia programu maalumu, kama vile HanDBase, JFile au MobileDB.

3.0 Hatua za kutumia programu

Matumizi ya kawaida yalifuata hatua hizi:

(a) Jedwali liliandaliwa kwanza kwenye tarakilishi ya mezani, mara nyingi kama faili la maandishi matupu ambamo nyuga hutenganishwa kwa mkato.

(b) Faili liligeuzwa kuwa pdb, kisha likahamishiwa kwenye kifaa cha mkononi kwa kukiweka katika kitako chake na kubonyeza kitufe cha kuoanisha.

(c) Programu ilipofunguliwa, rekodi zilionekana kama orodha. Skrini ya vifaa vya mwanzo ilikuwa na nukta 160 kwa 160, hivyo nyuga mbili au tatu tu ndizo zilizoonekana kwa wakati mmoja. Kugusa mstari kulifungua rekodi nzima.

(d) Mtumiaji aliweza kupanga rekodi kialfabeti kwa kufuata uga autakao, au kuzichuja ili zibaki zile tu zenye sifa fulani, kwa mfano zilizokusanywa Lamu.

(e) Mwisho, aliweza kutafuta: aandike herufi kadhaa, na programu imletee rekodi zinazolingana nazo.

Hatua nne za mwanzo hazikujali lugha ya mtumiaji. Ya tano ilijali, na hapo ndipo penye kiini cha somo hili.

4.0 Chombo kilichotafuta mwanzo wa neno

Palm OS ilikuwa na huduma ya jumla ya kutafuta iliyopitia programu zote za kifaa. Haikutofautisha herufi kubwa na ndogo, jambo lililomfaa mtumiaji. Lakini ilikuwa na kanuni nyingine: ilileta maneno yanayoanza kwa herufi zilizoandikwa, si maneno yaliyo na herufi hizo katikati.

Kwa Kiingereza, kanuni hii haidhuru sana. Anayetafuta teach atapata pia teaches, teacher na teaching, kwa kuwa lugha hiyo hupachika viambishi vyake vingi mwishoni na kuliacha shina mbele. Kiswahili ni kinyume. Kitenzi cha Kiswahili hutanguliwa na kiambishi cha nafsi au ngeli, cha njeo, cha urejeshi na cha yambwa kabla ya mzizi kuonekana. Nomino nazo hutanguliwa na viambishi vya ngeli. Kwa hiyo, sehemu ya neno ambayo chombo kile kiliitegemea ndiyo sehemu ambayo sarufi ya Kiswahili huibadilisha.

Chukulia jedwali dogo lenye sentensi sita:

1. Anasoma gazeti.
2. Soma kwa bidii.
3. Wasomaji ni wachache.
4. Msisome gizani.
5. Somo la leo ni refu.
6. Masomo yameanza.

Sentensi zote sita zina mzizi som-. Anayetafuta soma kwa kanuni ya mwanzo wa neno atapata sentensi ya 2 peke yake. Akitafuta som kwa kanuni hiyo hiyo, atapata ya 2 na ya 5. Akitumia programu inayoruhusu kutafuta herufi popote ndani ya neno, soma italeta ya 1, ya 2 na ya 3, lakini itaziacha tatu za mwisho kwa kuwa irabu inayofuata mzizi imebadilika. Ni pale tu atakapotafuta som popote ndani ya neno ndipo atakapozipata zote.

Data ni zile zile, kifaa ni kile kile, lakini majibu ni moja, mawili, matatu au sita. Mtafiti asiyejua tofauti hii aweza kuandika katika tasnifu yake kwamba kitenzi fulani hakitumiki mahali fulani, hali amekirekodi mwenyewe mara tano. Hilo si kosa la mzungumzaji aliyehojiwa wala la mtafiti katika kusikiliza. Ni kosa la kuliamini jibu bila kuuliza limepatikanaje.

5.0 Mipaka ya kutafuta kwa herufi

Huenda ikadhaniwa kwamba kutafuta mzizi popote ndani ya neno kunamaliza tatizo. Jedwali la pili linaonyesha sivyo:

1. Mama anapika wali.
2. Mpishi amefika.
3. Mapishi ya pwani yanasifika.
4. Chakula kimepikwa.
5. Majirani walipikiana.
6. Pikipiki imeharibika.

Kwa kanuni ya mwanzo wa neno, pik italeta sentensi ya 6 peke yake, yaani ile moja isiyohusika, na kuziacha tano zinazohusika. Kwa kanuni ya popote, italeta ya 1, ya 4 na ya 5 pamoja na pikipiki, lakini itawakosa mpishi na mapishi. Sababu ni ya kifonolojia: konsonanti ya mwisho wa mzizi hubadilika katika unyambuaji wa baadhi ya nomino na vitenzi. Ndivyo penda inavyozaa mapenzi, fuata ikazaa mfuasi, lewa ikazaa mlevi, na waka ikazaa washa. Nomino nyingine hubadilisha umbo katika wingi, kama vile ulimi na ndimi, au jino na meno.

Vitenzi vya silabi moja vina ugumu wa upande wa pili. Anayetafuta la akikusudia kitenzi cha kula, kwa kanuni ya popote, ataletewa lala, alama, mlango, salamu na mamia ya mengine. Mizizi mirefu hukosa baadhi ya yanayotakiwa. Mizizi mifupi huleta mengi yasiyotakiwa. Kulinganisha herufi pekee hakutoshi.

6.0 Pendekezo: uga wa mzizi

Njia iliyo ndani ya uwezo wa mwanafunzi yeyote ni kuongeza uga mmoja katika jedwali, nao ni uga wa mzizi. Kila rekodi inapoingizwa, mtafiti mwenyewe hulichanganua neno na kuuandika mzizi wake, ukifuatiwa na kistari: som-, pik-, pend-, l-. Katika jedwali la pili, sentensi tano za mwanzo zitaandikiwa pik-, ya mpishi na ya mapishi zikiwemo, na ya sita itaandikiwa pikipiki. Sasa akitafuta pik- pamoja na kistari chake ndani ya uga huo, atapata tano kamili na pikipiki haitaingia. Kwa mizizi mifupi kama l-, programu itakiwe ilete uga unaolingana kikamilifu na kilichoandikwa, au jedwali lipangwe kialfabeti kwa uga huo na rekodi zisomwe kwa macho.

Kazi hii ina gharama. Uchanganuzi wa rekodi elfu moja si wa siku moja. Lakini ndiyo kazi ambayo mtunzi wa kamusi huifanya anapokiingiza kitenzi kwa shina lake badala ya kila umbo lake. Watafiti wenye nyenzo kubwa wameifanya kwa mashine: mfumo wa SALAMA, ulioasisiwa na Arvi Hurskainen katika Chuo Kikuu cha Helsinki, huchanganua maneno ya Kiswahili kimofolojia. Mkabala wa msingi ni mmoja: neno lichanganuliwe kwanza, kisha litafutwe.

7.0 Tahadhari tatu

Kwanza ni ritifaa. Neno ng'ombe laweza kuandikwa kwa ritifaa iliyonyooka au iliyopinda. Kwa jicho la msomaji ni neno moja, lakini kwa tarakilishi hizo ni alama mbili tofauti, na anayetafuta moja huenda asiipate nyingine. Mtafiti achague moja na aifuate jedwali zima.

Pili ni lahaja. Aliyerekodi nti Mombasa hataipata kwa kutafuta nchi. Umbo lililosikika lisibadilishwe, kwani ndilo data yenyewe. Uongezwe uga wa pili wa umbo sanifu.

Tatu ni uhifadhi. Vifaa vingi vya Palm vya miaka ya mwanzo vilipoteza data zote betri zilipokwisha kabisa. Aidha, aliyehifadhi kazi yake kwa umbo la pdb pekee alibaki na faili lisilo na kifaa cha kulifungulia pindi programu yake ilipoachwa. Nakala ya maandishi matupu, iliyowekwa mahali pengine, husomeka hata programu inapokufa.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba programu ya kutafuta si chombo kisicho na upande. Hubeba ndani yake dhana kuhusu umbo la neno, na dhana hiyo mara nyingi imetokana na lugha nyingine. Mwanafunzi wa Kiswahili ana faida katika hili, kwa kuwa mofolojia aliyoisoma darasani ndiyo inayomwezesha kutambua pale chombo kinapokosea. Ajiulize maswali mawili kila anapotafuta: Je, chombo hiki kinatafuta wapi ndani ya neno? Je, neno ninalolitaka laweza kuja kwa sura gani nyingine? Wahenga walisema mtafutaji hachoki, akichoka keshapata. Katika hifadhidata, anayechoka baada ya jibu la kwanza huwa bado hajapata.

Zoezi

1. Andika sentensi kumi zenye maneno yaliyonyambuliwa kutokana na mzizi mmoja. Zitafute katika simu au tarakilishi yako kwa njia mbili tofauti, kisha ulinganishe idadi ya majibu.

2. Taja mizizi mitatu ambayo konsonanti yake ya mwisho hubadilika katika unyambuaji, na ueleze ungeiandikaje katika uga wa mzizi.

3. Je, nomino kama jino na meno ziwe na rekodi moja au mbili? Tetea jibu lako.